Kiko cha Mzee Nyangwine

Kiko kilipakwa samli asubuhi, na kabla ng'ombe hawajarudi kutoka mtoni kilikuwa kimekauka kama mfupa ulioanikwa.

"Baba Felista, umekifuta?" Elieth alimwuliza mumewe.

"Nikifute kwa nini? Mti mkavu unakunywa." Werema akacheka, akachovya kitambaa chunguni tena.

Kilikuwa kiko cha marehemu baba yake, Mzee Nyangwine wa Issenye. Katika ukoo wao kiko cha aliyekufa kilikuwa na utaratibu wake: mjane ndiye aliyekwangua masizi kwa spoki ya baiskeli, akakipaka samli, akamwambia marehemu aende zake. Hapo ndipo mrithi alipokivuta. Lakini mjane, Bhoke, mama yake Werema, alikataa kukigusa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto wa kiko hicho. Werema akachoka kungoja, akakipaka mwenyewe.

Samli ikaisha bila kupikiwa. Ikafuata chupa ya alizeti. Kisha Elieth akaanza kusikia, mchana kweupe, mtu akifyonza mrija mtupu, fyu, fyu, na harufu ya tumbaku ikajaa nyumba ambamo hakuna aliyewasha moto. Na siku moja alipomwogesha mwanawe Felista, akampaka mafuta, akamlaza na kugeuka kuchukua kanga, alisikia ufyonzaji ule ule kitandani, na alipotazama ngozi ya mtoto ilikuwa imekauka, imepasuka viwikoni na magotini kama udongo wa kiangazi, kinywa kimefumbuka kulia na sauti haitoki, na mwili wenyewe umepungua kuliko alivyoulaza.

Wakamwita Hamim, muuza mafuta wa Mugumu aliyejua kutoa pepo. Hakuwasha hata ubani.

"Jini ningelifukuza," alinong'ona. "Huyu ni mwenye kiko. Mmemlisha kabla ya kuagana naye. Sasa mjane akipake, amtajie mtu wa kwenda naye. Peke yake hatoki."

"Nitatoa fahali," Werema alisema.

"Fahali atamfanyia nini? Ameshaonja mtu."

Elieth akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Mama, nakuomba. Mtoto anaisha."

Bhoke alimtazama mjukuu. Akakaa, akakwangua kichwa cha kiko polepole, akapuliza mrija, akapaka samli kwa kidole gumba mpaka mti ukang'aa.

"Jitaje wewe, mama," Werema alisema kwa upole. "Umeshakula chumvi nyingi."

Bhoke akacheka kidogo. "Baba yako aliponichoma, kaa la moto alikuwa analetewa na nani?"

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ulikuwa umeoa."

Akamgeukia Elieth. "Mkamwana, nimtaje?"

Elieth alijua ni nani. Werema naye alijua. Alikuwa anamtazama mkewe, akingoja aseme hapana. Elieth akamfunika mtoto uso kwa kanga, asione.

"Nyangwine, nenda," Bhoke alisema. "Mchukue Werema."

Felista akalia, kilio kikubwa cha mtoto mwenye njaa. Hamim akaondoka bila kuaga. Werema alifumbua kinywa kumtukana mama yake, midomo ikapasuka, na damu haikutoka.

"Mama Felista," alinong'ona. "Nipake. Hata kidogo tu."

Elieth hakugeuka. Alikuwa ananyonyesha, na mtoto alikuwa anavuta kwa nguvu.