Maneno Yaliyo Juu ya Tarehe

Tangu aanze darasa la kusoma, Mama Pacha aliona herufi kila mahali. Asubuhi, mwanga ulipoingia jikoni, maandishi ya pakiti yalionekana kuelea, kana kwamba yanamwita polepole.

Asubuhi moja alisoma tarehe kwenye pakiti ya unga. Ilikuwa imepita siku tisa. Akaitupa. Tarehe ya maharage nayo ilikuwa imepita. Akayatupa pia, akitembea kama mtu aliye ndotoni. Aliamini ameiokoa familia yake.

Mchana, mama mkwe alifunua sufuria. Ilikuwa tupu.

"Mwanangu, ulipokuwa hujui kusoma tulikuwa tunashiba," alisema.

Mumewe, fundi viatu, hakucheka. Alisema kwamba kama kusoma ndiko huku, basi darasa liishe leo. Herufi alizozipenda Mama Pacha zilianza kufifia machoni pake.

Ndipo jirani yao, mtunza ghala wa duka la vyakula, alipobisha hodi, pakiti mbili mikononi. Alikuwa amezikuta kwenye kifuniko cha pipa la taka, hazijafunguliwa. Aliuliza kama kuna mtu anahama. Mama Pacha akamweleza habari ya tarehe.

"Tarehe umeisoma sawasawa, shoga yangu. Na maneno yaliyo juu yake?"

Hakuwa ameyasoma. Aliweka kidole kwenye pakiti ya unga, akavuta silabi mojamoja.

"Bo-ra ka-bla ya."

Jirani alieleza kwamba maneno hayo yanahusu ubora. Baada ya siku hiyo ladha huweza kupungua, lakini chakula hakijaharibika. Kama pakiti haijatoboka, na ndani hamna unyevu, wadudu, ukungu wala harufu mbaya, kinapikwa. Kisha akainua pakiti ya maziwa iliyokuwa mezani.

"U-si-tu-mi-e ba-a-da ya," Mama Pacha alisoma.

"Hapo hakuna mjadala. Siku ikipita, usinywe, hata yakinukia vizuri."

Akamshauri pia aweke mbele vyakula vyenye tarehe ya karibu, ili vitumike kwanza.

Maharage yaliiva taratibu, na mvuke wake ukajaza chumba kama ukungu wa alfajiri. Walikula wakashiba. Siku hizi pipa lao ni jepesi.

Jioni ya siku ile ya maharage, mama mkwe alileta mfuko wa mchele, akauweka mapajani mwa Mama Pacha.

"Huu bado hatujui maneno yake," alisema. "Soma. Na kesho usichelewe darasani."

Fundi viatu alisogeza kiti karibu, akangoja silabi ya mwisho.