Alama za Chaki

Kila Jumamosi asubuhi binti mmoja alifagia ua, akapangusa madirisha, kisha akatafuta kitu kingine cha kupangusa. Ndiyo maana mama yake alimbandika jina la Bi Nadhifu, na binti alijivunia jina hilo kupita kiasi.

Jumamosi hii baba alikuwa ameinamia injini ya gari. Mkanda wa taimingi, ule wenye meno unaozungusha puli, yaani magurudumu ya injini, kwa mpango mmoja, ulikuwa umechakaa. Baba hakuwahi kubadilisha hata mmoja, lakini fundi hakupatikana, na gari hilo ndilo lililosambaza mikate ya mama madukani. Gari likifa, biashara imekufa.

"Alama hizi za chaki nilizochora kwenye puli ndizo macho yangu," alisema, akiuvua mkanda wa zamani. "Nikikosea, vyuma vitagongana ndani na injini itakufa. Nipangusie oili hapo chini nikanunue mkanda."

Bi Nadhifu alipangusa chini, kisha mkono uliozoea ukapanda juu hadi kwenye puli. Akaona kitambaa kina weupe wa chaki. Akaokota chaki, akachora alama nyingine kwa kukisia.

Baba alirudi, akafunga mkanda kwa alama zile huku akipiga mluzi. Baba aliposhika ufunguo, binti alishindwa kuvumilia.

"Baba, usiwashe. Alama hizo nimechora mimi. Zako nilizifuta."

Baba aliegemeza kichwa kwenye usukani. "Basi tumekwisha," alisema taratibu. Mama akaketi kizingitini, mikono yake ingali na unga.

Mwishowe mama aliinuka akachungulia puli zilizong'arishwa. "Baba watoto, na hivi vitundu?"

Vilikuwa alama za kiwandani, zilizofichwa na uchafu miaka yote. Baba alifungua mkanda, akaufunga upya kwa kuzifuata, akazungusha injini kwa spana polepole. Hakuna kilichogota. Akawasha. Injini ikakohoa, ikanguruma.

Binti alilia. Baba akamfuta machozi, akamwachia oili shavuni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Kufuta ulikosea, kuchora ulidanganya. Ungenyamaza hadi niwashe, vitundu vile vingetusaidia nini?"