Watoto Waliopewa Namba

Kilichopotea kwanza ni kovu. Nthenya alikuwa akimpaka binti yake mafuta usoni kabla ya shule, kidole kikateleza juu ya nyusi bila kukwama popote. Kovu la uji wa moto, alilolipaka mafuta kila asubuhi kwa miaka, halikuwepo. Ngozi ilikuwa laini kama sahani.

"Kamama, umejipaka nini hapa?"

"Sijapaka kitu, mama."

Alikuwa amechelewa kazini. Akamwacha aende.

Ofisi ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta pale Mtito Andei, chumba cha shirika la kanisa lililowatafutia watoto wafadhili ng'ambo. Mwaka huo wa 1999 picha za watoto zilianza kuwekwa kwenye tovuti, na kwa laini ile mbovu ya simu, mfadhili angesubiri picha moja ifunguke mpaka muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uive. Mkubwa wake, Jonah, akaagiza kompyuta kuukuu kutoka Mombasa, ikaletwa na lori. Ndani yake mlikuwa na programu ya kubana picha zote kwa mkupuo. Ilitupa vitu vidogo vidogo ambavyo jicho haliviulizii, na picha ikabaki nzuri vile vile.

Kabla ya kuanza iliuliza: kila picha ipewe jina la mtoto, au namba? Nthenya akachagua namba. Majina yangemchosha, na lilikuwepo jina moja ambalo hakutaka hata kuliandika. Binti yake alikuwa miongoni mwa watoto hao, naye alirithi jina la mama mkwe. Mke wa Mkamba aliyelelewa vizuri hatamki jina la mama mkwe. Ndiyo maana alimwita mtoto Kamama. Kazi ilipokwisha, akazifuta zile picha kubwa ili kupata nafasi.

Asubuhi ile ya kovu, alipofungua mlango wa ofisi, alinusa udi. Kompyuta ilikuwa imezimwa, waya umechomolewa, lakini ndani yake kitu kilikuwa kikitafuna, polepole, kama kikongwe anayetafuna mahindi makavu.

Mwangangi, muuza mbuzi ambaye binti yake pia alikuwa kwenye picha, alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, sijui nisemeje," alinong'ona. "Jana tumekula, tukamaliza, tukafunika sufuria. Ndio nikaona mtoto amekaa pale pale. Hakuna aliyempakulia. Mimi babake nilimruka nikipita."

"Ni uchovu."

"Uchovu gani wa nyumba nzima? Saa hii haachi nyayo. Anatembea, na mchanga haujui."

Jonah alicheka kwa nguvu kupita kiasi. "Shetani tunamkemea. Wafadhili wamezipenda hizo picha, ati watoto wanang'aa! Tukifunga tovuti, watakula nini?" Lakini aliyasema hayo akiwa nje dirishani, na siku hiyo hakuingia.

Nthenya akaanza kumwangalia Kamama. Sauti ya mtoto ilikuwa imepungua, kama redio iliyokwisha betri. Mbwa wa jirani, aliyezoea kumrukia kwa furaha, alimpita. Na jioni moja, akiwa anaosha vyombo karibu na mlango, Nthenya alijikuta akivuta kitasa na kufunga kwa komeo, akijisemea kwamba sasa wote wako ndani, wakati mtoto wake mwenyewe alikuwa nje akigonga, akigonga kwa mikono miwili, na mlio huo ukimfikia mama kama panya anayekwaruza ukutani mbali sana, katika nyumba ya watu wengine.

Usiku ule hakuoga wala hakusali. Alimweleza mama mkwe kila kitu.

"Kusoma kwenu huku!" kikongwe alisema, sauti chini. "Mtoto kabla hajapewa jina ni wa aimu, mizimu ya upande ule. Sisi wanawake ndio tunamtoa huko, kwa jina. Wewe umewachukua waliotolewa, ukawarudisha na namba kama magunia ya simiti. Na hicho chombo kimetoka Mombasa kikiwa na mwenyewe ndani."

"Nifanye nini, Mwaitu?"

"Mwite. Wewe uliyemzaa. Kwa mdomo, mbele yake."

"Siwezi. Ni jina lako."

"Najua ni langu, nilikuwa nalo kabla hujazaliwa." Akamtazama mtoto aliyelala. "Jina ni moja, wenyewe ni wawili. Hilo pia nimelifikiria. Kesho twende."

Kesho yake jua likishuka, kikongwe aliketi kwenye kizingiti cha ofisi. Nthenya akampakata Kamama, ambaye hakuwa na uzito kuzidi kanga iliyomfunika. Akawasha kompyuta, akafuta namba ya picha ya kwanza, akaandika jina, akalitamka. Namba nyingine, jina jingine. Kila jina lilipotajwa kutafuna kulisita, kisha kukaanza tena kwa hasira zaidi, na udi ukazidi mpaka macho yakamtiririka, mpaka ikabaki namba moja tu, na kwenye picha ile uso ukamgeukia, uso laini usio na kovu wala jina, ukafungua mdomo, na mapajani pake Nthenya hakuhisi tena mtu, alihisi nguo, nguo tupu, akapiga kelele bila kumtazama mama mkwe:

"Nzilani! Nzilani! Nzilani wangu!"

"Mama, unaniumiza!"

Sauti nzima, kali, ya mtoto mkaidi. Kidole cha Nthenya kilipapasa nyusi, kikakwama. Kovu. Kompyuta ilikuwa kimya, na chumba kikanuka vumbi na petroli tu.

"Mwaitu, amerudi!"

Kikongwe aliketi pale pale kizingitini. Jua lilikuwa limelaza vivuli vya fremu na mlango hadi katikati ya chumba, lakini kivuli chake hakikuwepo. Alipogeuka, uso wake haukuwa na kunyanzi hata moja.

"Umeita vizuri," alisema, kwa sauti ndogo sana.

Walirudi nyumbani. Nthenya akasonga ugali, akapakua, wakala, akafunika sufuria. Nzilani ndiye aliyeacha kulamba vidole akatazama pembeni.

"Mama, nyanya bado hajapewa."

Nthenya akafuata macho ya mtoto mpaka kwenye kigoda kilichokuwa karibu na ukuta.

"Nani?" akauliza.