Misumari ya Leander

Jumapili, tarehe tisa Machi, saa nane mchana, ndipo mambo yalipobadilika katika nyumba ya Rosina Thielen, kando ya ziwa, kule Minnesota.

Darrel Voss alikuja na bakuli la nyama na viazi, kama alivyokuja kila Jumapili baada ya misa tangu walipomzika Leander, mtoto pekee wa Rosina. Vijana hao wawili, marafiki, walikwenda kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda, barafu ikapasuka, akarudi mmoja. Darrel alisema alikimbia kuita watu. Alisema pia kwamba Leander alisahau nyumbani misumari yake, ile miwili yenye mipini na kamba ambayo wavuvi huvaa shingoni, ili mtu akitumbukia aichome kwenye barafu ajivute. Rosina aliitafuta nyumba nzima. Hakuiona.

"Njoo ucheze gemu ya Leander," alimwambia Darrel.

Leander aliitengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Ni hadithi ya safari. Unachagua la kufanya, na mwishoni inakwambia wewe ni mtu wa namna gani. Mama yake alipoicheza, ilimwambia, "Unasamehe, lakini mwisho wa yote na kwa shida." Leander alicheka mpaka akapaliwa.

"Mimi itaniita mlafi tu, mama," Darrel alisema, mdomo umejaa viazi.

"Cheza, tuone."

Akacheza. Ndani ya gemu aligawa mkate, akamngoja mzee njiani. Rosina akamimina kahawa. Kisha kwenye skrini theluji ikaanza kuanguka, likatokea ziwa.

Rosina alikwisha kuimaliza gemu ile mara nyingi. Haikuwa na ziwa.

Watu wawili walitembea juu ya barafu. Mmoja akasema: Naogopa, nimesahau misumari yangu. Mwenzake akavua yake, akamvika.

Darrel akaacha kutafuna.

Barafu ikapasuka. Aliyevua misumari akazama hadi kidevuni. Chini yakaandikwa mambo mawili ya kuchagua: Mrushie misumari. Simama utazame.

Darrel alibonyeza Mrushie. Mtu wa kwenye skrini hakusogea. Akabonyeza tena. Na tena.

"Imeharibika," alinong'ona.

"Chagua la kweli, Darrel."

"Niliogopa, mama. Ningesogea ningetumbukia na mimi."

"Ulikuwa nayo shingoni?"

"Niliitupa baadaye. Shimoni."

Rosina aliweka birika chini. "Basi chagua."

Mikono ya Darrel ilikuwa mapajani. Hakugusa kitu. Jibu la pili likajichagua lenyewe, na skrini ikaandika:

Wewe ni mtu wa kutazama. Sasa njoo nikutazame.

Darrel akainuka. Hakuchukua koti. Alifungua mlango, akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja ziwani, polepole, kama anayeongozwa kwa mkono. Barafu ya Machi, inayoanza kuyeyuka, ni mbovu. Kila mtu pale anajua.

Rosina alisimama dirishani, akimtazama mpaka akatoweka. Simu alikuwa nayo. Hakupiga.

Alipogeuka, aliona misumari imening'inia kwenye kulabu ya koti la Leander, karibu na mlango. Kamba ilikuwa imelowa. Maji yalidondoka sakafuni, tone, tone.

Hadi leo haijakauka. Rosina huweka bakuli la Darrel chini yake, na likijaa hupiga magoti.

"Bwana, mpe Leander wangu raha ya milele. Mwanga wako usimzimikie kule kwenye giza la maji. Na Darrel, Bwana, naye umrehemu. Lakini si leo. Amina."