Bomba Chini ya Kitanda

"Hiyo ovaroli sifui!"

Anaeli aliitupa uani, miguuni pa mumewe. Ilikuwa imeloa dawa ya kahawa toka kola mpaka magotini, na harufu yake ilishamtoa machozi. Tumbo lake lilikuwa la miezi mitano.

"Mke gani hafui nguo za mumewe?" Elisaria akafoka.

"Mwenye mtoto tumboni! Nesi wa kliniki katuambia, dawa ya wadudu inapita kwenye ngozi, inapita kwenye pumzi, inamfikia mtoto. Na lile bomba la kupulizia litoke chini ya kitanda chetu, pamoja na madawa yake."

"Nikaliweke wapi? Wezi walibebe?"

Mama mkwe, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, akacheka. "Mimi nimezaa saba kwenye kahawa hii hii. Wewe ni yai, uvunjike kwa harufu?"

"Mama, heshima yako iko palepale. Lakini mimba yangu ya kwanza ilitoka msimu wa kupulizia, nikifua nguo hizi hizi. Sijui kama ni dawa. Wewe unajua kama siyo?"

Mama mkwe akainamia ndizi zake.

Mchana huohuo Anaeli akateremka Moshi mjini, Majengo, alikopanga dada yake Yuditha. Kesho yake simu ya Yuditha ikaleta ujumbe.

"SHEM MWAMBIE MKE WANGU ARUDI. WATU WANANICHEKA."

Anaeli akaipokonya simu, akajibu mwenyewe.

"BOMBA LIKO WAPI?"

"CHINI YA KITANDA."

"BASI LALA NALO."

Jumapili baada ya ibada, mama mkwe akabisha hodi, jani la isale mkononi. Yuditha akamnong'oneza mdogo wake, "Umekwisha." Maana Mchagga akiletewa isale, lazima asamehe.

"Shikamoo, mama." Anaeli akalipokea kwa mikono miwili. "Nimewasameheni, wewe na mwanao. Kwa moyo wangu wote."

"Haya, beba nguo zako twende."

"Isale linaomba msamaha, mama. Halifui ovaroli. Sirudi."

"Unataka mwanangu afue? Mwanaume mzima?"

"Si ana mikono?"

Mama mkwe akaondoka bila hata kunywa chai.

Wiki ikapita, ndipo Elisaria akapiga.

"Njoo uone. Usiporidhika, geuza."

Anaeli akapanda mlima. Alipofika, alimkuta mumewe nyuma ya migomba, mbali na mfereji wa maji, amevaa glavu za mpira, anasugua ovaroli kwenye beseni lililotengwa kwa kazi hiyo tu. Pembeni kulikuwa na kibanda kipya cha mabanzi, kufuli kubwa mlangoni. Bomba na dawa vilikuwa humo.

Njiani walikuwa wamesimama jirani yao Wenseslaus na mkewe Doris, naye mjamzito. Wenseslaus alicheka mpaka akashika mbavu.

"Elisaria! Kumbe umeolewa?"

"Nimeolewa! Na nimempenda aliyenioa!" Elisaria akajibu bila kuacha kusugua. Kisha akamwona Anaeli. "Karibu nyumbani, mama."

Anaeli akataka kucheka, machozi yakamtangulia.

Wenseslaus akaendelea kukenua. Mama mkwe akatoka ndani, mikono kiunoni.

"Wewe Wenseslaus unayecheka! Bomba lako liko wapi?"

Kicheko kikakatika. Doris akashika tumbo lake, akamgeukia mumewe.

"Mjibu mama," akasema. "Liko wapi?"