Mbu Waliomkataa Karamu

Teksi ilikuwa imeshatoka getini, sanduku likigongagonga kwenye buti, simu ilipoita. Mkemia akaitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya gauni lake jipya la zambarau.

“Yule wa mbu?” shangazi yake akauliza.

“Sitaki kumsikia. Kaniulia kizimba kizima makusudi, nisisafiri.”

Yule wa mbu, wenzake walimwita Karamu. Kazi yake ilikuwa kulisha mbu wa maabara, mbu safi wasio na malaria, kwa mkono wake mwenyewe. Walikutana kwenye foleni ya kantini, watu wakisukumana, mkemia akauona mkono uliojaa vipele.

“Kaka, hiyo si ndui?”

“Wake zangu hao, bibie. Dume haumi.”

Mkemia alicheka mpaka chai ikamwagika. Mapenzi yakaanza hapo, yakaenda vizuri, hadi asubuhi mkemia alipokuta mbu wote wamelala chini ya kizimba, matumbo mekundu, hakuna hata mmoja anayetikisa bawa. Alimfokea Karamu kuwa amepuliza sumu. Karamu akachukua ufagio, akawazoa. Naye akaikubali kazi ya ng’ambo aliyokuwa ameitiwa tangu awali.

Simu ikaita tena. Shangazi akaipokea, akaweka sauti ya juu.

“Shikamoo shangazi.” Sauti ilikuja taratibu, kama inatoka ndani ya mtungi.

“Marahaba. Sema, tunachelewa ndege.”

“Mwambie mpenzi wangu wamenikataa.”

“Nani?”

“Mbu. Nimeletewa wapya. Nikiingiza mkono wanajibana kona ya mbali.”

Mkemia akanyakua simu. “Karamu. Umekunywa nini?”

Karamu alikohoa.

“Nakuuliza wewe.”

“Dawa yako ya malaria. Nilipata homa, nikapima, malaria. Wakubwa walikuwa wanasema dawa yako itaishia kwa panya wa majaribio, wataifuta. Nikasema basi nianze mimi.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungenizuia, kipenzi. Na homa iliondoka kweli. Ila damu yangu ndiyo iliyowaua mbu wako.”

“Dereva,” mkemia akasema, “geuza.”

Chumba cha mbu kilikuwa na joto la pumzi ya mtu. Siku zote kilivuma. Mchana huo kilikuwa kimya. Karamu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono ndani ya kizimba, shati limemlegea mabegani. Mbu walikuwa wamerundikana kona moja kama masizi. Alipoinua uso, weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano.

“Umependeza,” akasema.

“Nyamaza.”

Mkemia akaingiza mkono wake kando ya mkono ule. Mvumo ukarudi ghafla; mbu wakamshukia, wakamfunika kuanzia kiwiko hadi vidole. Lakini kidole chake kilipogusa cha Karamu, wale wa karibu waliondoka mmoja mmoja, wakamwachia ngozi tupu, na utupu ule ukapanda polepole hadi kwenye kifundo cha mkono. Mkemia hakuondoa mkono.

“Unaona?” Karamu akanong’ona. “Niko hai kweli?”

“Uko hai. Ini lako ndilo linalokufa. Simama twende hospitali.”

“Na ndege?”

“Ukipona nitakuzaba kofi, halafu utanioa. Ndege ya nini?”

“Posa gani hii yenye kofi?”

“Ndiyo hiyo. Niegemee.”

Karamu alilazwa hadi mvua zikaisha. Ini lilipona, si lote. Mkemia alieleza mwenyewe kilichotokea. Dawa ikafutwa, iliyobaki ikachomwa, na kazi ya ng’ambo akapewa mwingine. Sasa anaunda dawa nyingine, iko kwa panya. Kofi lilitoka, ndoa ikafuata. Shangazi alibaki na gauni la zambarau, akalipunguza urefu. Kulisha mbu alipewa mkunga mstaafu, nao wanamla vizuri. Karamu anatunza mitambo ya maji ya maabara. Nyumbani hawana chandarua. Mbu hawaingii chumbani mwao, na mkemia, ambaye hakuonja dawa ile hata tone, hawamgusi pia. Amejipima damu mara nyingi. Hajaona kitu.