Mpanda Ngazi na Fundi Lifti

Saa ya chakula cha mchana, ukumbi wa chini wa jengo refu la maofisi ulifurika watu. Lifti ilikuwa imegoma asubuhi nzima, na sasa ilipopona kila mtu alitaka kuwa wa kwanza kuingia. Dada wa mapokezi wa kliniki ya meno hakuwa na habari nayo. Alishuka ngazi mbio, raba za kijani miguuni, begi zito mgongoni, jasho linamtiririka; akagusa ukuta, akageuka kupanda tena.

"Dada, lifti imepona!" alimwita kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu na grisi hadi kwenye nyusi.

"Nimeona. Hongera."

"Sasa mbona unanidharau? Nimehangaika nayo tangu asubuhi, halafu unapanda ngazi mbele ya macho yangu!"

Dada akacheka asitake. "Najiandaa kwa mbio za milimani. Kilomita hamsini, mara yangu ya kwanza. Mji wenyewe tambarare kama meza, basi mlima wangu ndio huu."

"Hamsini! Kwa miguu yako mwenyewe?"

"Kwani unataka kuniazima yako?"

Kesho yake fundi lifti alimngoja pale chini na ndizi mbili mbivu. Wiki iliyofuata alipanda naye, akaishiwa pumzi katikati, akakaa kwenye ngazi akipepea uso kwa kofia. "Bi Ngazi, utaniua kabla sijakutongoza," alisema. Dada akajua hapo kwamba ameshatongozwa, na kwamba moyo wake haukuwa na mpango wa kukataa.

Jumapili moja walikwenda vilimani, nje ya mji. Kwenye mteremko mkali dada aliteleza juu ya mwamba uliolowa, kifundo cha mguu kikavimba papo hapo. Fundi alimbeba mgongoni mpaka barabarani.

"Mama asijue," dada alimsihi. Mama, ambaye siku hizi alizoea kumpigia fundi simu, hakuzitaka mbio hizo tangu mwanzo.

"Hatajua, laazizi."

Haikupita wiki, simu ya mama ikaingia, sauti imejaa machozi. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mwanangu, na lako limebaki kidogo! Afadhali mwenzio kaniambia. Achana na hizo mbio."

Dada alimpigia fundi simu papo hapo. "Nilikuomba kitu kimoja tu!"

"Niliogopa, mpenzi."

"Ukaogopa, ukanishtaki! Kama huniamini, sema."

"Wewe nakuamini. Mlima ndio siuamini."

"Basi kaeni wewe na mama mnililie. Mimi nakimbia." Akakata.

Mguu ulipopona alirudia mazoezi kwa nguvu zote. Alfajiri ngazi, jioni ngazi. Alijifunza kula huku anakimbia bila tumbo kumsuta. Nyuma ya kaunta alisimama kwa mguu mmoja kuimarisha kifundo, sauti laini kwenye simu: "Kliniki ya meno, habari za asubuhi?" Wagonjwa hawakujua kitu. Ujumbe wa fundi aliusoma wote, asijibu hata mmoja. Wakikutana ukumbini alimsalimia kama mtu anavyomsalimia mlinzi wa jengo, kisha akapanda zake.

Siku ikafika ya kurudi kule vilimani, peke yake. Alipanda vizuri. Lakini alipofika juu ya ule mteremko alikoteleza, alishindwa kupiga hatua. Akakaa chini. Hakukuwa na mama wa kumkataza wala fundi wa kumshtaki. Hofu ilikuwa yake mwenyewe. Aliificha muda mrefu mno, hata akamwona adui kila aliyemwogopea. Akatoa simu.

"Uko salama?" fundi alipokea hata kabla haijaita sawasawa.

"Niko pale nilipoanguka. Miguu inakataa."

Alingoja kuambiwa arudi. Fundi akauliza, "Mwamba mkavu?"

"Mkavu."

"Basi shuka. Hatua fupi fupi. Usikate simu, niko hapa."

Akashuka, simu ikiongea kifuani: haya, taratibu, huyo, huyo! Alipofika chini alicheka na kulia kwa pamoja.

"Kwa nini ulimwambia mama?"

"Nilitafuta mtu wa kuogopa pamoja naye. Nilikosea, kipenzi. Ningeogopa na wewe."

"Basi njoo tuogope wote. Ila nitakimbia."

"Kwani nani kakuzuia?"

Asubuhi ya mbio, ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima. Mama naye alikuja, sweta mabegani. Alipiga goti akamkaza bintiye kamba za raba. Fundi, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi, alitoka jasho kwenye baridi ile.

"Nina swali," alisema. "Ukimaliza nitakuuliza."

Dada akamtazama, akaelewa. "Begi langu limeshajaa. Swali hilo silibebi kilomita hamsini. Uliza sasa."

Fundi akamgeukia mama. Mama akajifanya anautazama mlima.

"Unakubali nikuoe?"

"Nakubali."

Filimbi ikalia, mamia ya miguu yakaanza kukanyaga kokoto.

"Sasa nipishe njia, mpenzi," alisema, akaingia ukunguni, akapanda.